Utitiri Kwenye Kimea cha Shangazi

Juzi nilikuwa soko la Mahoko, na kabla sijamsalimia mtu nikajikuta nimetumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya gunia la mtama wa watu. Kijana mwenye gunia akaniangalia. "Mama, iko nini? Umeangusha kitu?" Nikamwambia hapana, nasubiri kuwashwa. Akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akasogeza gunia lake upande wa pili. Simlaumu. Alikuwa na mifuko mipya ya plastiki, ile inayofungwa hewa isipite, akanieleza kwa fahari kwamba mdudu akiingia humo anakufa kwa kukosa pumzi. Bon, nimefurahi kwa ajili yake. Ila huu mkono, rafiki yangu, uliwahi kuwa na kazi, na kazi yenyewe mtaa mzima ulikuwa unaitegemea.

Nilipokuwa mtoto pale Gisenyi, miaka ile ya mwisho mwisho ya tisini, nilikuwa na ngozi laini kupita kiasi. Kuna vijidudu vya nafaka vinaitwa utitiri, vidogo hata huvioni. Unaona tu vumbi chini ya kihenge, ukiinama uliangalie vizuri, vumbi linatembea. Watu wazima wenye mikono iliyokomaa kwa jembe na sufuria walikuwa hawausikii. Mimi ukiniingiza mkono kwenye mtama wenye utitiri, kabla hujamaliza kusema bismillahi nimeshatoka vipele mpaka begani. Bibi ndiye aliyegundua, na badala ya kunihurumia akashukuru Mungu kwa kumpa mjukuu mwenye manufaa. Tangu siku hiyo nikawa naazimwa. Watu walipiga hodi asubuhi, "Mama, tuazime ule mutoto wa mukono," nami nikapelekwa nyumba ya watu kama ungo, nikatumbukizwa, nikaangaliwa, nikarudishwa na mahindi ya kuchemsha. Nilikuwa nikijikuna na kutafuna kwa pamoja, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Tulikaa Mbugangari, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, bati juu, na nyuma jiko la kuni lenye moshi mwingi kuliko moto. Asubuhi ilianza na adhana, kengele ya kanisa ikafuata, halafu wakapita wanawake wa biashara wakishuka mpakani na mabeseni kichwani, wakigombana kwa furaha. Jioni kila ua ulinukia sambaza wa kukaanga, vile visamaki vya ziwani, na upepo wa ziwa ukitupepea harufu ya samaki wa jirani hata kama sisi tulikuwa tunakula maharage. Nyuma kabisa palikuwa na stoo, na stoo ilikuwa nchi ya bibi. Hata babu, Mungu amrehemu, alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia.

Bibi alizaliwa juu Bugeshi, chini ya volkano, kwenye baridi ya viazi na ng'ombe. Kwao wote walikuwa Wakristo. Yeye akaolewa na mfanyabiashara Mwislamu wa mjini, akasilimu, akajifunza Kiswahili cha sokoni, lakini mambo ya nafaka alikataa kabisa kufundishwa na mtu wa mjini. Dawa yake ilikuwa pareto, yale maua meupe yenye jicho la njano wanayolima kule kwao. Aliyakausha kivulini, akayafunga kwenye kitambaa, akayalaza ndani ya kihenge katikati ya mtama. Ukimuuliza kwa nini, alikaa chini kabisa ndipo akujibu, kwa sababu jibu lilikuwa refu.

"Mumea hauna miguu," alikuwa akisema. "Mbuzi akija, hauwezi kukimbia. Mududu akija, hauwezi kukimbia. Donc Mungu akaupa silaha. Huu akaupa uchungu, ule akaupa harufu, mwingine akaupa moto. Mutu mwenye akili anaazima silaha ya mumea, anaitia stoo, analala."

Ningependa kusema nyumba nzima ilimsikiliza kwa heshima. Haikuwa hivyo. Baba mkubwa alikuwa amerudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ugenini, na mkewe wa huko, mama mkubwa wetu, alikuja na sanduku la nguo na mfuko wa majani makavu ya muarobaini. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka sisi watoto tukiongea mbele yake tunajikwaa. "Samahani mama," alikuwa akimwambia bibi kwa adabu zote, "sisi kule Tabora tulikuwa tunatumia muarobaini, na sikuwahi kuona mdudu hata mmoja." Bibi anamjibu bila kuinua kichwa, "Basi huko Tabora wadudu wana aibu."

Wa tatu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kikristo mzaliwa wa Goma, ng'ambo ya mpaka, aliyevuka kwenda kwao kila siku ya Mungu na kurudi na habari nyingi kuliko bidhaa. Yeye aliwacheka wote wawili. "Aa, nyie munajisumbua bure! Pilipili! We weka pilipili kavu, utaona hako kadudu kanalia kanaita mama yake." Wakikaa pamoja kuchambua maharage, ubishi ulianza na kahawa na ukamalizika na kila mmoja kuondoka amejishindia mwenyewe. Hakuna aliyewahi kukubali jani la mwenzake. Nilipokua ndipo nilipoanza kuelewa kidogo. Kila mmoja wao alikuwa ametoka mahali pake, na lile jani ndilo lililobaki la kumwonyesha kwamba huko alikotoka watu waliishi vizuri.

Sasa, shangazi. Alikuwa binti wa mwisho wa bibi, mchangamfu, mwenye kicheko cha kusikika barabarani, na kwa hesabu za mtaa ule umri ulikuwa umeanza kwenda. Akapata mchumba fundi cherehani, mtu mkimya, ndugu zake wengi wako Goma. Siku ya kuleta posa ikapangwa. Bibi akatenga mtama mwekundu ulio bora kabisa, akauloweka, akaufunika kwa majani ya ndizi mpaka ukachipua, akauchanganya na majivu, akauanika. Hicho ndicho kimea, na kimea kikisagwa na kukorogwa ndipo unapata bushera, kinywaji kizito cha kuchangamsha bila kulevya, ambacho sisi Waislamu tulikunywa pale wengine walipokunywa pombe. Posa bila bushera ya nyumbani, kwa bibi, haikuwa posa, ilikuwa mkutano.

Basi mpaka ukafungwa. Miaka ile barabara na mipaka ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa bila kumuuliza mtu, kwa hiyo wakwe wakatuma salamu kwamba wanasogeza siku. Kimea kikarudi kwenye kihenge, bibi akakandika mfuniko kwa mavi ya ng'ombe. Siku mpya ilipokaribia, wakwe wakapata msiba. Ikasogezwa tena. Watu wa mtaani wakaanza kumuuliza shangazi habari za wakwe kwa ile sauti ya kumjulia hali mgonjwa. Kicheko chake kikapungua, kikawa cha ndani ya nyumba, kisha kikaisha.

Halafu wakwe wakasema wanakuja kweli, wiki inayofuata Idi. Bibi akaniita stoo. Kimea ni kitamu, rafiki yangu, na hapo ndipo kasoro yake ilipo. Mtama mwekundu una ganda chungu, ndege akiuonja anatema, lakini ukishauchipusha uchungu unapungua na sukari inatoka, na wadudu wote wa mji wanapata habari. Bibi akafungua, nikatumbukiza mkono. Vipele vilipanda kama vimeitwa majina. Bibi akaushika mkono wangu, akaupeleka kwenye mwanga, akauangalia mbele na nyuma, akamwita Mungu kwa sauti ndogo, kwa lugha ya kwao, "Mana we."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Akaona mkono, akakaa hapo hapo chini kwenye kizingiti na kanga yake mpya. Mtama mwingine ulikuwa bado majani shambani, na mtama wa kununua sokoni wakati ule ulikuwa mweupe wa uji tu. "Tukiwapa soda watasema hatukuwangoja," akasema. "Na tukiwaambia wasogeze tena, hawatakuja kamwe." Alisema bila kulia, na mimi nikaogopa zaidi, kwa sababu shangazi alikuwa mtu wa kulia hata akikata kitunguu cha jirani. Bibi akajifunga kanga kiunoni. "Hako kadudu," akatangaza, "hakawezi kunivunjia ndoa."

Haya yanayofuata sikuyaona yote kwa macho. Nimeyajua kwa sababu kwa miaka mingi baadaye wale wanawake walikuwa wakisemeana, na kila mmoja alikumbuka vizuri sana kosa la mwenzake. Bibi, kwa hofu, aliacha ule utaratibu wake wa kitambaa. Aliyasaga maua ya pareto yote aliyokuwa nayo, akayanyunyiza juu ya kimea, akachanganya kwa mikono yake. Alijua unga wa pareto ni mwepesi, siku ya kusaga atapepeta na upepo wa ziwa utauchukua. Kesho yake, bibi akiwa amekwenda kutazama mgonjwa, mama mkubwa akaona amsaidie mkwewe kimya kimya, kwa heshima, asimvunje moyo. Akatwanga mfuko mzima wa muarobaini, akaupitisha kwenye kile kidirisha cha chini cha kihenge. Naye alijua ukipepeta unaondoka. Na shangazi, maskini ya Mungu, hakumwamini mama yake wala wifi yake kwa jambo kubwa hivi. Akaenda kwa jirani. Jirani akaja na pilipili zake amezitwanga laini kama poda ya mtoto. "Tulia, dada, kesho kutwa utapepeta, iko nyepesi."

Nakwambia, hao utitiri walikufa mpaka na wale waliokuwa wanafikiria kuja. Bibi alinitumbukiza mkono tena, na safari hii uliwaka moto wote lakini haukutoa kipele hata kimoja. Bibi akasema ni pareto inafanya kazi. Mama mkubwa akatabasamu pembeni. Shangazi akaangalia ukuta.

Siku ya kupepeta hakukuwa na upepo. Ziwa limelala kama sakafu. Wakapepeta hivyo hivyo, na uani kukapigwa chafya ambazo sijawahi kuzisikia tena maishani. Mimi nilipiga mpaka nikaangusha ungo, nikafukuzwa jikoni nisirudi. Na hapa ndipo Mungu alipotuonyesha sisi ni watu gani: kila mmoja alipiga chafya akanyamaza, kwa sababu kila mmoja alidhani ni dawa yake peke yake, na nani atajitaja? Kimea kikasagwa kikiwa na yote matatu ndani.

Utauliza, hivi hawakuonja? Hawakuonja! Ilikuwa wiki ile baada ya Idi, bibi na mama mkubwa na shangazi wote wamefunga zile sita za sunna, na bibi alikuwa amekataza mtu mwenye saumu hata kulamba mwiko. Mwenye ruhusa ya kuonja alikuwa jirani, na jirani asubuhi ile alikuwa amekwisha vuka kwenda Goma kutafuta maua ya plastiki ya kupamba meza. Bushera ikakorogwa, ikapoa, ikafunikwa. Rangi yake ilikuwa nzuri ajabu.

Wakwe wakafika mchana, wamevaa suti na vitenge, wametangulizwa na mshenga. Huyo mshenga alikuwa na jina mji mzima, mzee mwenye ulimi wa kutoa nyoka pangoni, na upande wetu msemaji alikuwa babu mdogo, ambaye alikuwa amejiandaa wiki mbili mbele ya kioo. Watu walikuja hasa kuwasikia hao wawili wakijibizana. Wakakaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Shangazi yuko ndani nyuma ya pazia, na mimi nimejibanza hapo naye, nikimshika kanga.

Desturi ya kwetu ni kwamba mwenyeji anaonja kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna sumu. Si mchezo. Ukikunja uso tu, wageni wanaaga kwa heshima na hawarudi. Na mgeni naye akishaona umeonja, akikataa kunywa, amekutukana wewe na marehemu wako wote. Babu mdogo akainua kibuyu, akasema maneno mazuri, akavuta mfunda mmoja mkubwa wa kujionyesha.

Nilimwona. Kwanza ulimfikia uchungu wa muarobaini, macho yakamkaza. Halafu pilipili, shingo ikavimba. Kisha akawa kama mtu anayetafuta kitu kinywani mwake hakioni, kwa sababu pareto inafisha ulimi ganzi. Jasho likamtoka kwenye kipara. Lakini uso, wallahi, uso haukukunjamana hata mstari mmoja. Akateremsha kibuyu taratibu, machozi yanamchuruzika, akasema, "Muthamu."

Akampa mshenga. Mshenga akanywa. Na yeye akasimama pale na suti yake, anajua akitema anavunja ndoa ya watu, akameza. "Muthamu thana," akasema. Kibuyu kikazunguka. Benchi zima la wazee wenye heshima zao likawa linalia kimya na kusifu. Majibizano yaliyosubiriwa yakaanza. Mshenga akafungua kinywa kuomba binti, yakatoka mate. Babu mdogo akamjibu kwa fumbo alilolipanga wiki mbili, hakuna aliyeelewa hata neno. Wakatazamana. Watu wakaanza kunong'ona, na neno lenyewe nililisikia mpaka nyuma ya pazia: sumu. Wamewekewa sumu. Mtu mmoja wa upande wao akasimama na kofia mkononi. Shangazi akaanza kuvua hereni zake, moja, kisha ya pili, akaziweka kwenye kiganja changu. "Kamata," akaniambia. "Imeisha."

Ndipo kikasikika kicheko. Alikuwa nyanya wa bwana harusi, ajuza aliyekaa mwisho wa benchi ambako kibuyu kilichelewa kumfikia. Hakupaswa kusema kitu, siku ya posa wanaosema ni wanaume. Akanywa mfunda, akaupitisha ulimi kwenye midomo yake, akanywa tena, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Kaa chini, we," akamwambia yule mwenye kofia. "Sumu gani? Hii ni pareto. Na pilipili. Na kingine sikijui, kichungu hivyo." Yule mwenye kofia akakaa. "Kwetu kimea cha kunywa wiki hii hakiwekewi kitu. Kinawekewa dawa kimea cha kukaa. Hiki kimekaa. Hawa watu wamepigana na wadudu peke yao, wanatungoja sisi, na sisi tunaahirisha tu, tunaahirisha." Akakishika kibuyu kwa mikono miwili. "Huu uchungu ni wetu. Tuunywe."

Akanywa. Mshenga, ambaye sasa hakuwa na ulimi wa kubishana, akanywa tena. Bwana harusi, yule fundi mkimya, akaomba kibuyu kizima, akakimaliza bila kupumua, akasimama anatiririka machozi, akamtazama bibi, akainama. Sijui kama ilikuwa heshima au tumbo. Posa ikakubaliwa kwa kutikisa vichwa. Nadhani ndiyo posa fupi kuliko zote zilizowahi kutokea wilaya yetu ya Rubavu, na mpaka leo wazee wanasema ndiyo iliyokuwa na maneno bora. Nikafungua kiganja kumrudishia shangazi hereni, lakini alikuwa analia vizuri sasa, hawezi kuzivaa, nikamvalisha mimi.

Jikoni jioni, baada ya kufuturu, ilikuwa vita. "Pilipili? Nani kaweka pilipili?" "Mama, mimi niliweka muarobaini kidogo tu." "Kidogo! Mufuko mzima!" Jirani akaingia na maua yake ya plastiki, akaonja mabaki, akatema nje ya mlango, akauliza nani amekufa. Bibi akaanza kumtukana, ulimi haukumtii, likatoka neno la kitoto, na hapo akakaa sakafuni akacheka, na mama mkubwa akakaa naye, na jirani akawaangukia wote wawili. Walikaa vile kwenye moshi, wanawake watatu wa nchi tatu, wakifutana machozi kwa kanga moja. Sijawahi kupenda watu kama nilivyowapenda wale saa ile.

Shangazi anaishi Goma na fundi wake, wana watoto wakubwa. Bibi na yule nyanya wakawa marafiki, kila msimu wakitembeleana kubishana. Wote wawili wamelala sasa, mmoja upande huu wa mpaka, mwingine upande ule. Mama mkubwa alihamia kwa wanawe Kigali, na jirani tulimzika mwaka ambao mvua haikukatika. Siku hizi mtu akichelewa anapigwa simu, vinywaji vinakuja na gari, na kisiponywewa leo kinarudishwa dukani. Ni rahisi, sikatai, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyoolewa.

Kutoka Mahoko juzi niliteremka mpaka Mbugangari, ambako nilikuwa sijafika kwa miaka mingi. Nyumba ina wapangaji, na stoo wameifanya chumba cha mwanafunzi mmoja, binti mpole aliyenikaribisha niingie. Kuna kitanda, kuna meza, ukuta umepakwa rangi ya bluu. Nilivuta pumzi kwa nguvu, nikitafuta chochote. Rangi tu. Binti akaniuliza kama kuna mtu ninayemtafuta. Nilikuwa nimesimama pale kama mgeni aliyeahirisha mara nyingi mno, na safari hii hakuna mtu aliyekuwa ananingoja.